Mtapata Picha

Alhamisi, Kericho. Mvua ya mawe imepita, baridi imebaki.

Wachumaji wa chai watakaogoma tena kesho watafukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba za shamba. Meneja ndiye aliyesema hivyo leo mchana, kwa Kiingereza, mbele ya kibanda cha mizani. Wamegoma kwa sababu ya mashine za kuchuma zilizoletwa wiki hii.

Alimalizia kwa "You get the picture," akaingia ndani ya gari, akaenda.

Nyapara, Mkipsigis mpole aliyesukumwa kutafsiri, alitafsiri yote kwa lafudhi ya kwao hadi akafika hapo. "Anasema, mtabata bicha."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma alisema hajasuka nywele, wamngojee.

Kisha macho yakanigeukia. Kwenye geti la shamba hilo hubandikwa picha za waliofukuzwa, ili walinzi wasiwaruhusu kuingia. Na mwenye kamera pale nilikuwa mimi peke yangu.

Mama Kwamboka, anayewasemea wenzake, alinisogelea. Yumo mbele katika kila picha niliyopiga.

"Kumbe wewe wa gazeti ndiye unatupeleka getini?"

Nilieleza. Picha ya Kiingereza hicho ni ya kichwani. Mtu akisema umeipata, anamaanisha umeelewa, hasa lile ambalo hataki kulitamka lote.

"Sasa si angesema tu kuelewa?"

Nilitazama nyuma. Wanaume walikuwa wameziba njia ya kurudi barabarani, mmoja ameshika panga la kupogolea chai.

Nilifungua kamera nikampa Mama Kwamboka filamu. Aliivuta yote nje, mchana peupe, kama utumbo wa kuku. Njia ikafunguka.

Niliogopa. Liandikwe hivyo.

Sasa niko chumbani, na yule nyapara hanitoki akilini. Neno alilikosea. Tishio alilifikisha lote.

Mhariri anangoja picha kwa basi la kesho. Hazipo, na nikimweleza kisa hiki kwa simu, sidhani kama atapata picha hata kwa ile maana nyingine.

Meneja anarudi kesho saa moja asubuhi, palepale kwenye mizani. Mama Kwamboka ameagiza nitafsiri mimi: anayoyasema, na asiyoyasema pia.

Nimekubali. Kamera itabaki hotelini.