Pacha Haliliwi

Milimani, Kisumu
7 Februari 1988

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, wewe na baba na nyanya yetu dani, na kwamba magoti ya dani yamepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili kwa sababu ndio watu huulizana habari zake.

Nimemaliza mwezi mmoja hapa kwa baba mkubwa Absalom. Nyumba ni kubwa, Mama, hata ukikohoa chumba kimoja hakuna anayesikia chumba kingine. Nje kuna nyasi zinazokatwa kila Ijumaa na hakuna mbuzi wa kuzila. Mama mkubwa Dorca hanitesi, usije ukafikiri hivyo. Ananipa chakula, ananiuliza habari za shule, kisha anaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Baba mkubwa anasoma gazeti mezani. Tunakula watu watatu na vijiko ndivyo vinavyoongea. Tangu nizaliwe nilikuwa nikila sahani moja na Zadock, tunagombania kipande cha mwisho. Sasa nina sahani yangu peke yangu na chakula hakiishi.

Nina swali moja. Zadock alipozama Desemba, kwa nini hakuna aliyelia? Mzee Dishon alipokufa watu walilia siku nne mpaka sauti zikakauka, na yule mzee hakuna aliyempenda. Zadock alizikwa asubuhi, kufika saa sita watu wameenda zao. Mimi nilipofungua mdomo, dani akaniziba kwa kiganja. Wiki tatu baadaye mkanifungia sanduku. Nilifanya nini, Mama? Nijibu hilo tu.

Binti yako,
Selpha Apiyo


Luanda Kotieno
28 Februari 1988

Kwako mwanangu Apiyo,

Pokea salamu zangu na za baba yako Dalmas. Sisi tunaendelea vizuri, wasiwasi wetu ni wewe uliye mbali. Dani sasa anatembea kwa fimbo na anakusalimu sana.

Mvua bado. Omena, hawa dagaa wetu, wamekuwa wengi hadi tunawaanika kwenye uwanja wa kanisa, na mchungaji ananyamaza kwa sababu naye anakula. Kuku mwekundu aliangua vifaranga wanane, mwewe akachukua wawili. Abiria wa feri ya Mbita walimaliza chai yangu yote Jumatatu, nikarudi nyumbani na birika tupu.

Kaza masomo. Wewe ndiye wa kwanza katika boma hili kufika kidato cha kwanza. Mheshimu mama mkubwa, usingoje kutumwa, vyombo ukiviona vichafu osha.

Hayo mengine uliyouliza, usiyaulize. Na jina lile usiliandike tena. Nisikilize mimi mama yako, najua ninachosema.

Mama yako,
Nasambu


Milimani, Kisumu
13 Machi 1988

Hujambo Mama,

Habari za huko? Huku ni jua tu. Nimesoma barua yako mara sita. Nimejua mambo ya vifaranga, nimejua mchungaji anakula, nimejua chai iliisha. Swali langu halimo. Umemtaja mpaka mwewe, lakini mtu uliyembeba tumbo moja na mimi hukumtaja. Zadock. Haya, nimeliandika tena, utanipiga nikija.

Shuleni wananiita Limuru kwa sababu navaa sweta kutwa nzima, kama mtu wa huko kwenye baridi. Na hili joto la Kisumu unalijua. Nawaambia nina malaria. Mama mkubwa akanunua vidonge, nikameza, ningefanyaje.

Wasichana wa hapa si wabaya. Kuna mmoja, Nasipwondi, wa kwenu Bungoma, huniita tukae pamoja wakati wa chai. Naenda, nacheka wanapocheka, halafu nikitoka hapo siwezi kukuambia tulikuwa tunacheka nini.

Likizo ya Aprili inakuja. Nitakuja nikuulize uso kwa uso, hapo hutakuwa na kuku wa kujificha nyuma yake.

Binti yako,
Selpha


Milimani, Kisumu
22 Mei 1988

Mama,

Natumaini mko wazima. Najua tu kwamba mko hai, kwa sababu mngekuwa mmekufa baba mkubwa angeniambia.

Likizo ilikuja ikaisha. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu baba mkubwa aliposema umemtumia ujumbe kwamba nibaki hapa nisome. Nilizifungua nikazirudisha kabatini. Nyumba nzima ilienda kazini, nikabaki na saa ya ukutani wiki tatu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chako nimekisikiliza mpaka masikio yanauma, mshindo siuoni.

Basi nitaanza mimi. Sweta si ya malaria. Ninajikata mkono, Mama. Nimeandika, basi, limeshatoka. Nilianza Februari. Si kwamba nataka kufa, usinielewe vibaya. Ni kile kilio dani alichokiziba. Kinanijaa mpaka sijui nikiweke wapi. Nikijiumiza kinanyamaza kidogo tu, halafu kinarudi kikiwa na aibu juu yake. Nilikuwa na jambo moja la kuficha, sasa nina mawili.

Na lile la kwanza nakuambia pia. Siku ile ilikuwa zamu yangu kumpelekea baba uji ufuoni. Nilikuwa nasukwa nywele, sikuinuka, Zadock akaenda badala yangu. Alipofika akakuta mtumbwi wa baba umepungukiwa mtu mmoja, wakampandisha. Upepo ukaja, wengine wakaogelea, yeye wavu ukamshika miguu. Ningeenda mimi hayo yasingekuwa. Msichana hapandishwi mtumbwi wa kuvua, unajua mwenyewe. Ningeweka uji chini nikarudi nyumbani.

Nadhani unajua. Nadhani ndiyo sababu mlinifungia sanduku, na ndiyo sababu hamnitaki likizo. Je, unanilaumu? Sema ndiyo au hapana. Neno moja linatosha, hata ukiliandika nyuma ya risiti.

Selpha


Milimani, Kisumu
10 Julai 1988

Mama,

Salamu. Ni wiki saba sasa. Niliuliza posta ya Kisumu kama kuna barua za Luanda Kotieno zilizopotea, yule bwana akacheka akasema barua hazipotei, watu ndio hawaandiki.

Sikuandikii kwa sababu nategemea jibu. Naandika kwa sababu Sista Nabututu ameniambia niandike, jibu lije lisije. Huyu ni muuguzi. Walikuja shuleni kutudunga sindano ya pepopunda, tukapanga mstari, kila mtu kapandisha mkono wa nguo. Mimi nikakataa. Mwalimu akaanza kufoka. Sista akamwambia aniache, akanipeleka nyuma ya pazia, akaona. Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Alisafisha mkono polepole, akauliza, "Umelia na nani?" Nikamwambia sijalia na mtu. Basi akavuta kiti akakaa, na wasichana wote wakangoja sindano zao nje.

Sasa naenda kwake kila Alhamisi. Yeye hasemi sana. Ananiambia mficha maradhi, kifo humuumbua, kwa hiyo nimwambie hata yale ya kijinga. Ile hamu ikija natoka chumbani, nakaa mahali penye watu, hata kama ni mama mkubwa anachambua mchele. Mara nyingine inapita. Mara nyingine haipiti, na Alhamisi inabidi nimwambie hivyo.

Alimwita mama mkubwa wakaongea. Mama mkubwa alirudi nyumbani macho mekundu. Alisema alidhani mimi ni mtu wa maringo, ndiyo maana siongei. Mimi nilidhani ni yeye. Tukaangaliana kama wajinga wawili.

Lakini Mama, si yeye niliyemuuliza swali.

Selpha


Luanda Kotieno
31 Julai 1988

Mwanangu Apiyo,

Salamu zitakuja chini. Leo siwezi kuanza nazo.

Jibu ni hapana.

Hapana, sikulaumu, sijawahi hata siku moja. Na umesahau kitu. Nani alikuwa anakusuka? Kichwa chako kilikuwa katikati ya magoti yangu, nimefika nusu. Ulitaka kuinuka, mimi nikakushika bega nikasema tulia, wacha huyu mwingine aende, kwani hana miguu? Ni mimi niliyemtuma. Baba yako ndiye aliyempandisha. Upepo haukumuuliza mtu. Tukianza kugawana hilo kosa kila mmoja atapata lake, na bado Zadock hatarudi. Unaona nimeliandika.

Sasa nikuambie kwa nini nilikuondoa. Mimi ni Mbukusu, mila za hapa nilifundishwa na dani siku nilipowazaa. Aliniambia pacha akifa haliliwi. Mama akilia mbele ya yule aliyebaki, yule aliyekwenda anasikia, anarudi kumchukua mwenzake. Siku ya mazishi dani alikuziba mdomo kwa kukupenda, usimchukie. Mimi nilijikaza wiki tatu. Kila nikikuona naona uso wake. Nilijua nitapasuka mbele yako siku moja nikuue na wewe, na watu wangesema yule mwanamke wa Bungoma amewamaliza wote wawili. Ndipo nikamwomba Absalom akuchukue. Nilikupeleka mbali nipate mahali pa kulia, mwanangu. Ndiyo maana hata likizo sikukuita, nilikuwa bado sijamaliza. Nalilia katikati ya mtama, dani anadhani napalilia. Shamba letu mwaka huu halina gugu hata moja.

Barua yako ya Mei ilipokuja nikasema basi, Zadock anamwita. Niliogopa kushika kalamu. Nikafunga siku tatu, nikaenda kuombewa, nikakaa kimya zaidi nikidhani nakukinga. Kumbe kimya changu ndicho kilichokuwa kinakumaliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema. Na pacha je? Mimi nimekuwa peke yangu mara nyingi. Wewe hukuwahi kuwa peke yako hata tumboni, na mimi nikakuweka peke yako Milimani. Nisamehe.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Dani nimemwambia napeleka omena soko la Kibuye. Ninaogopa, nisikufiche. Wazee wakiwa wamesema kweli, nakuja kukupoteza kwa machozi yangu. Lakini nikikaa kimya nakupoteza vilevile, na hilo nimelisoma kwa mwandiko wako mwenyewe.

Mwambie Sista Nabututu Mungu ambariki. Endelea kwenda kwake hata kabla sijafika. Sasa salamu: baba yako anakusalimu. Huenda ufuoni kila siku anakaa tu, wavu hajaushika tangu Desemba. Dani anakusalimu.

Mama yako anayekupenda,
Nasambu


Milimani, Kisumu
28 Agosti 1988

Mama yangu mpenzi,

Natumaini ulifika salama na dani hakuuliza sana habari za Kibuye. Hapa sote wazima. Mama mkubwa anakusalimu, na zile omena ulizoleta kama ushahidi tumezila zote, hata baba mkubwa ambaye husema zina mifupa.

Nimekuwa nikitaka kukuandikia tangu ulipoondoka, lakini nilikuwa nangoja siku zipite. Nitakuambia kwa nini.

Ulipoingia ukavua viatu mlangoni, ukakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nilidhani utaanza na kuku. Ukasema nikuonyeshe mkono. Nilingoja uulize kwa nini, uulize na nini. Uliushika tu, ukasema, "Hata huu mkono nimeuzaa mimi." Halafu ukaita jina lake. Mama, sikuwahi kusikia mtu akilia hivyo, na mimi sikujua kama ninaweza. Mama mkubwa alitoka chumbani kutunyamazisha, majirani wa Milimani wasisikie. Alifika katikati ya sebule akakaa sakafuni akalia na sisi. Baba mkubwa akaenda kusimama kwenye nyasi zake, ametupa mgongo, mabega yanatikisika.

Jumapili asubuhi ulipokuwa unaondoka ulinitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni, ukigeuka tu yatamwagika. Nilijua unafikiria nini. Na mimi nilikuwa nafikiria hilohilo. Usiku ule niliogopa, nikajishika kifua kusikiliza kama moyo unapiga.

Nisikudanganye pia. Jumanne iliyopita nilirudia kujikata. Hakukuwa na sababu, nilikuwa naandaa meza nikakuta nimetoa kijiko cha ziada, cha Zadock. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Sista bila kungoja Alhamisi. Alinifunga bandeji, akasema itatokea tena labda, na nikija nitamkuta. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama mkubwa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Aliniambia nihamie chumba cha karibu na chake, tukasukuma kitanda pamoja mpaka mguu mmoja ukavunjika. Tumeweka matofali. Mlango wake siku hizi haufungi.

Bado ni vigumu, Mama. Asubuhi ndizo mbaya zaidi, kabla sijakumbuka, halafu nakumbuka. Lakini sasa nikilia nalia kwa sauti, na nikimaliza nimemaliza, naweza kufanya hesabu zangu.

Sasa sikiliza. Desemba nikija, sitaki tujifiche kwenye mtama. Mwambie dani ukweli kwamba hukwenda Kibuye. Mwambie ulilia mbele yangu mpaka gauni likalowa, ukaita jina lake mara nyingi, na mimi nikaita. Mwambie leo ni siku ya kumi na tano. Nimehesabu kila asubuhi kabla ya kuandika barua hii, ndiyo maana ilichelewa.

Niko hai. Mwambie dani naye anaweza kulia.

Binti yako, dada yake Zadock,
Selpha Apiyo