Zamu Yangu ya Mkokoteni

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, na joto la kukaba roho.

Leo nimechemsha maji, nikayaacha yapoe, nikayachemsha tena, mpaka mwanangu Rehema akasema, "Mama, utayaunguza hayo maji." Nikacheka kidogo. Yeye ndiye aliyenifungulia huu ukurasa kwenye simu, na ndiye ananirekebishia maandishi. Ya leo asiyaguse.

Kipindupindu kimerudi hapa Kintinku.

Mwaka ule kilikaa na sisi miezi na miezi, tukajipanga. Zahanati iko mbali na gari hakuna, basi sisi wenye mikokoteni ya ng'ombe tukagawiwa zamu za kubeba wagonjwa, kila kaya na siku yake. Tulipanga wakati wa kiangazi, ng'ombe hawana kazi. Kukubali kulikuwa rahisi. Mimi nilinyoosha mkono wa kwanza.

Siku ya zamu yangu ikaamka na mvua ya kwanza, ile ya kupandia. Huku kwetu ukiikosa hiyo, watoto wanalala njaa mwaka mzima. Nikamwambia mume wangu awapeleke maksai shamba la chini wakalime. Mara moja tu, nikasema. Jana yake hakuugua mtu.

Haukupita muda, jirani yangu Mwaja akaja anakimbia, khanga inachuruzika. Mama yake alikuwa anaharisha na kutapika tangu alfajiri. Nikamwambia tairi la mkokoteni limepasuka.

Akasema, "Pole, dada."

Mimi ndiye niliyepewa pole.

Alimbeba mama yake mgongoni kwenye tope. Hawakufika zahanati.

Tairi lilikuwa zima. Miaka imepita, na bado nikisikia minyororo ya nira inagongana, nasikia na miguu ya mtu anakimbia kuja kwangu. Natoka nje kuangalia. Hakuna mtu.

Leo kwenye mkutano mtendaji wa kijiji ametoa daftari, akasoma zamu zilezile za mwaka ule. Alipofika kwenye jina langu, Mwaja akaniuliza bila ubaya wowote, "Dada, lile tairi mlishanunua jingine?"

Mzee Chilewa akadakia, "Tairi la mama Rehema? Hilo limezeeka kuliko mimi!" Watu wakaangua kicheko.

Nikasimama.

Nikasema, "Halikupasuka. Tulikuwa tunalima."

Kicheko kikakatika. Nikaendelea: mvua ndiyo inaleta ugonjwa, na mvua hiyohiyo ndiyo inaita ng'ombe shambani. Mwenye zamu asiachiwe achague peke yake. Siku yake wenzake wamlimie.

Mtendaji ameandika. Mzee Chilewa amesema kwa upole kwamba kesho ataleta plau lake kwangu. Mwaja amesimama, amekung'uta khanga yake, ameondoka. Hakuniaga, na hakuniangalia.

Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sijapata.

Zamu zinaanzia kwangu kesho. Maksai wako zizini, na hata mvua inyeshe namna gani, hawaendi shamba. Hilo nimeapa.

Lakini Mwaja anaishi peke yake sasa, na maji anachota kisima kilekile tunachochota wote. Akizidiwa, atakubali kupiga hodi kwangu?