Karamu ya Watu Kumi na Mmoja

Bel-Air, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025

Kwako Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na Mama na wote wanaolala chini ya bati lenu huko Sakania. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mguu wa kushoto unaendeleaje? Mama aliniambia kwamba bado unapakia magunia mawili ya unga nyuma ya baiskeli, na kwamba akikukataza unamjibu kuwa mguu unaouma siyo ule unaokanyaga. Baba, baiskeli ina pedali mbili. Sisi huku hatujambo. Joto la Oktoba linatubana, maji yanatoka bombani siku yakipenda, na mama mdogo Martine anakusalimu sana, ingawa bado ananikasirikia kidogo. Sababu yake utaiona humu ndani.

Najua utashangaa kupokea karatasi badala ya ujumbe wa simu. Kila ninachokuandikia kinapitia simu ya Clément dukani kwake, na Clément, Mungu ambariki, hawezi kusoma kimoyomoyo. Mara ya mwisho niliandika kwamba tumbo linaniuma, na kabla ya jioni wanawake watatu walikuwa wamekwisha kumletea Mama mizizi ya kuchemsha. Kwa hiyo nimempa Kapya barua hii aiweke chini ya kiti cha lori lake, na ameapa kukukabidhi mkononi, si dukani. Nakuomba uisome yote kwa mpangilio, bila kuruka kwenda mwisho.

Unakumbuka mwezi wa Agosti matokeo yalipotoka nikapata asilimia sabini na moja. Ulinipigia kutoka dukani kwa Clément na sikusikia hata neno moja, maana duka zima lilikuwa linapiga kelele. Wiki iliyofuata Kapya aliniletea bahasha yako. Ndani mlikuwa na pesa ulizoziweka pembeni tangu nilipoingia mwaka wa sita, pamoja na karatasi yenye majina ya wenzako kumi na mmoja wa zamani wa reli wanaokaa hapa mjini. Ulinipigia tena ukaniagiza niwaite wote, wapewe vinywaji na nyama, na mimi nipakwe poda nyeupe mbele yao kama anavyofanyiwa kila mtoto aliyepata diploma ya kumaliza sekondari. Ulisema kwamba umekula kwenye karamu za watoto wao wote, kwamba sasa ni zamu yako, na kwamba pesa hizo zisiguswe kwa jambo lingine lolote. Ulilisema mara mbili. Mara ya pili nilikusikia vizuri sana.

Sasa nikueleze jambo ambalo hakuna aliyetueleza nyumbani. Sisi tulidhani mtu akipata diploma anaingia chuo kikuu. Sivyo. Diploma inakupa ruhusa ya kwenda kulipa. Unalipa benki kwanza ili upewe kipande cha karatasi, na kipande hicho ndicho kinakupatia fomu. Fomu inataka nakala za bulletins, zile ripoti za alama za shule, za miaka miwili, kila nakala na mhuri wa komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, na kila mhuri una bei yake. Inataka daktari aandike kwamba una afya. Inataka komini iandike kwamba una tabia njema, na tabia njema nayo ililipiwa. Inataka picha sita ndogo. Ukimaliza hayo yote, unalipa tena ili ukubaliwe kufanya mtihani wa kuingia, na ukishindwa mtihani hakuna senti inayorudi.

Rafiki yangu Jemima, binti wa yule mfanyabiashara Kakule wa Butembo anayeuza mafuta na sabuni kwa jumla, alipeleka maombi yake katika vitivo vitano. Alinishauri nami nifanye hivyo ili nisikose vyote. Baba yake ana malori mawili, Baba, kwa hiyo ushauri wake ulikuwa mzuri kwa mtu mwenye malori mawili. Mimi nilikaa kitandani na kalamu nikafuta kimoja kimoja. Nilifuta sheria, ingawa wewe ungependa. Nilifuta uchumi. Nilibakiza politekniki, upande wa migodi, kwa sababu tangu utoto nimeona malori ya shaba yakipita mbele ya nyumba yetu kwenda Zambia na sijawahi kumwona mtu wa kwetu akiwa ndiye aliyesema shaba ichimbwe wapi. Nilibakiza kitivo kimoja tu, nikalipia kimoja tu. Kama ningekosa hapo, ningerudi Sakania kukushikia baiskeli.

Hata hicho kimoja nilikibana. Mpiga picha Emery nilimpelekea wateja wanne kwa siku moja, akanipiga mimi bure. Nakala sikuzitoa karibu na chuo ambako wanatoza mara mbili, nilizitoa hapa Bel-Air. Komini nilikwenda kwa miguu, nikarudishwa kwa sababu nakala moja ilikuwa na doa, nikaenda tena. Blauzi uliyoiona kwenye picha niliyokutumia ni ya Jemima. Karani wa chuo alipokagua dosie yangu aligeuza karatasi moja baada ya nyingine akitafuta kosa, akafika mwisho, akanitazama, akagonga mhuri. Wa mbele yangu na wa nyuma yangu wote walirudishwa. Nilitoka pale nikitembea katikati ya njia kama mke wa gavana.

Mtihani ulikuwa wa hesabu na fizikia, saa nne mfululizo, tukiwa watu mia tatu na zaidi katika ukumbi mmoja. Wengi walikuwa wamelipiwa masomo ya maandalizi mwezi mzima. Mimi maandalizi yangu yalikuwa kufundisha. Kila alasiri nafanya encadrement, yaani kuwasaidia kwa malipo watoto wa jirani kazi zao za shule barazani kwa mama mdogo Martine. Ninao saba, na wawili kati yao ni wagumu mno kwa hesabu za sehemu, hata nimezieleza sehemu kwa njia ambazo mwalimu wangu mwenyewe hakuzijua. Siku ya mtihani sikuogopa swali hata moja. Niliogopa kitu kingine, na hicho ndicho nilichokusudia kukuandikia.

Baba, karamu haikufanyika.

Pesa zako ndizo zilizolipa benki, mihuri, daktari na mtihani. Sikuwaita wenzako. Hakuna aliyekula, hakuna aliyekunywa. Ile picha niliyokutumia, ambayo nimepakwa poda kichwa kizima na nyuma yangu kuna meza imejaa chupa, ni karamu ya Jemima. Nilikwenda pale kama mgeni. Mama yake alisema hakuna mwenye diploma atakayetoka kwake akiwa safi, akanimwagia kopo zima. Hapo ndipo nilipomwomba Emery anipige peke yangu mbele ya meza yao. Nilijua ninachokifanya. Mama aliniambia kwamba umeichapisha picha hiyo kwa Clément na kuibandika ukutani karibu na kalenda, na kwamba kila anayeingia unamwonyesha wingi wa chupa. Tangu siku hiyo kila nikikumbuka ukuta wetu naona aibu.

Mama mdogo Martine usimlaumu. Alikuwa amekwisha kupiga pasi vitenge vya wapishi. Nilipomwambia nia yangu alinijibu: «Ile franga baba yako alituma ni ya furaha, haiko ya makaratasi.» Akakaa siku nne akiniwekea chakula mezani kama kwa mpangaji.

Utaniuliza kwa nini sikukuomba ruhusa. Nilijua kwamba ungekataa. Ungekataa si kwa sababu hunipendi, bali kwa sababu ulikuwa umekwisha kutangaza karamu mbele ya duka zima. Na ungekataa, mimi ningetii. Tarehe ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imebaki siku tisa. Nikachagua kukukosea. Sijutii nilichokinunua, Baba, najutia picha tu.

Nilikuwa nimepanga kuificha siri hii mpaka nipate pesa zangu niwaite hao kumi na mmoja kimyakimya. Lakini asubuhi ya mtihani nilifika getini, mlinzi akaniomba fomu ili aangalie jina. Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu katika joto hili. Akasoma, akasoma tena, akaniuliza kama mimi ni wa Kalaba wa Sakania, yule wa reli. Nikasema ndiyo. Akanirudishia fomu bila kunitazama. Baba, alikuwa mzee Kunda, wa pili kwenye orodha yako.

Aliniambia kwamba ulimpigia simu mwezi wa tisa ukamsimulia jinsi watu wa reli walivyokula kwa binti yako wakashiba. Hakukuuliza kitu, alikupongeza tu akakata. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana: «Benzangu bote balikula, miye Kalaba alinisahau.» Alikuwa amekaa na jambo hilo moyoni wiki nne nzima. Mtu uliyemtaka akae kiti cha mbele alikuwa anafikiri kwamba ni yeye peke yake uliyemwacha. Ndiyo maana hakukupigia tena, na wewe kumbe ulikuwa unamwambia Mama kwamba Kunda amekuwa na majivuno ya mjini.

Nilimweleza yote palepale getini, na foleni nyuma yangu inanung'unika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwanza alicheka kwa kujua kwamba hata Kapalata, yule mnene wa kwenye orodha yako, hakula. Halafu akaacha kucheka, akaniambia kwamba nikaandike mtihani, na nikimaliza nikuandikie wewe kwa mkono wangu, kwa sababu lori la Kapya likiondoka mara mbili bila barua, atakupigia mwenyewe kwa Clément na duka zima litasikia. Lori limeondoka mara moja.

Basi sasa lile uliloruka kulitafuta, kama nakujua. Orodha ya waliofaulu mtihani ilibandikwa juzi Ijumaa. Watu walisukumana mbele ya ubao hata sikuweza kuona karatasi. Mzee Kunda aliacha geti lake, akapasua watu kwa fimbo ya ulinzi, akanivuta hadi mbele. Waliokubaliwa ni themanini, na wamepangwa kwa alama. Nilianza kutafuta kutoka chini kwenda juu, kwa sababu nilijiamini kidogo tu. Yeye alianza kutoka juu, na hakwenda mbali. Nafasi ya saba.

Unajua jinsi makaratasi ya kwetu yanavyoandika, jina la baba mbele, la mtoto nyuma yake. Mzee Kunda aliweka kidole juu ya neno la kwanza, na kidole kikabaki hapo, hakikufika kwangu. Kila kijana aliyekaribia ubao, mzee alimwonyesha neno hilo na kumwambia: «Huyu ni mutoto ya Kalaba. Tulitumika naye ku treni miaka kumi na mbili.» Vijana walikuwa wanatafuta majina yao na hawakuelewa huyu mlinzi ana nini. Nilimwambia tuondoke, akakataa. Mpaka saa za kufunga, jina lako lilisomwa kwa sauti katika chuo kikuu cha Lubumbashi mara nyingi kuliko la mwalimu yeyote, na mimi nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, nasema wazi, sioni haya.

Karo ya mwaka wa kwanza inalipwa kwa awamu, na watoto wangu saba wa encadrement wataibeba awamu ya kwanza. Usiuze kitu, wala usipakie gunia la tatu. Nakuomba msamaha, Baba, nikiwa nimepiga magoti kweli kweli juu ya sakafu ya mama mdogo Martine, ambaye ameniona na ameuliza kama nimeangusha kitu. Mpigie mzee Kunda. Anangoja.

Msalimie Mama, mwambie aukande mguu wako kwa maji ya moto hata ukikataa. Wasalimie wadogo zangu na majirani. Mungu awalinde ninyi nyote hadi tutakapoonana Krismasi.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,

Kalaba Chilufya Gracia