Hisa Zilizowekwa kwa Lemburis

Olkokola, 3 Machi 2009

Nashilu mjukuu wangu,

Mimi mzima, mguu tu ndio unanisumbua. Wewe je, bado unakonda huko Dar es Salaam?

Baba yako Lemburis anataka kiwanda chetu cha maziwa kimezwe na kampuni yake ya jibini ya Elerai, halafu huku afunge. Katibu wetu Eunike anasema kampuni ikinunua nyingine, Tume ya Ushindani hupelekewa taarifa kwanza, na wenye pingamizi husikilizwa. Wewe uko kwa mawakili. Tutajie siku ya kusikilizwa. Akina mama thelathini na mmoja wa kiwanda tumeshafua vitenge vya safari.

Bibi yako

Dar es Salaam, 12 Machi 2009

Shikamoo Bibi. Pole na mguu. Mimi sijambo, nakula.

Hakuna siku, Bibi. Kampuni mbili zikiwa tayari za mtu mmoja, zimesamehewa kupeleka taarifa. Daftari la hisa linaonyesha Baba ana zaidi ya nusu ya hisa za kiwanda, kama kule Elerai. Ofisi yetu ndiyo mawakili wa Baba, na barua ya kuomba msamaha huo niliiandika mimi. Jina lako sikuliona. Nisamehe.

Mjukuu wako

Olkokola, 20 Machi 2009

Nashilu,

Salamu baadaye. Utalionaje jina langu? Hisa zetu tuliziweka kwa baba yako ili waume wasizinyakue. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu, "Mwanangu ni boma, wekeni." Ng'ombe ukimweka kwa ndugu, yeye anakamua, ila ndama ni wako. Umesomeshwa kwa maziwa halafu hilo hulijui? Hata ndani ya boma moja kila nyumba ya mama ina ng'ombe wake, na mwanamume hawahamishi bila kuuliza. Nyie mmeona lango moja, mkasema nyumba moja. Waandikie hao Tume.

Bibi yako

Dar es Salaam, 2 Aprili 2009

Shikamoo Bibi. Mguu unaendeleaje?

Umesema kweli, na ukiyasema hayo kwa kiapo, msamaha unaanguka. Hati ya kiapo hii hapa. Kaisaini mbele ya wakili mjini, Tume waipate kabla ya mwisho wa mwezi. Ila ujue, Baba ameshaapa kwamba hisa ni zake. Ukisaini, ameapa uongo, na hilo lina jela. Mimi kazi itaondoka; hilo niachie.

Mjukuu wako

Olkokola, 30 Mei 2009

Nashilu,

Mimi mzima. Mguu uko vilevile.

Matangi yalichukuliwa Jumanne. Maziwa ya jioni sasa tunawaachia ndama. Baba yako aliniletea jibini, ipo mezani.

Jumapili baada ya ibada akina mama walinizunguka. Eunike akauliza kama ulituma chochote cha kusaini. Nikamwambia, "Barua haikufika."

Nawe ukija Krismasi wakakuuliza, haikufika.

Bibi yako