Mabutoni ya Mashini ya Majina

Kampala, tarehe 1 mwezi wa saba 2012

Papa mupendwa,

Nakusalimia sana, wewe na mama. Mimi niko muzima, ni macho tu yanauma kwa kuangalia vitu vidogo tangu asubuhi. Masikio yako yanaendeleaje? Naandika mbio kwa sababu Mama Philomène anarudi Goma kesho na vitenge vyake, atakuletea barua hii, na simu najua hauisikii.

Atelye yetu ya kutengeneza mashini imepata kazi. Shirika moja linalopokea wakimbizi linataka mashini ya kuandikia majina kwenye lango la kambi, ya kushika kwa mukono mumoja, maana karatasi zinalowa na mvua na kupotea. Chef, mukubwa wetu wa kazi, amenipa mimi klavye, yaani ubao wa kubonyezea. Mabutoni ni kumi na mawili tu, kila moja linabeba herufi tatu ao ine kama kwenye simu, na yote lazima yaenee mahali padogo kama viberiti viwili vilivyolazwa pamoja. Nimechora mara tano. Kila mara mutu akibonyeza tano, sita nayo inaitika. Chef ametoa wiki sita, kisha kazi atapewa mwingine.

Wewe fundi wa redio umefungua mashini za kuhesabu na telekomande za televisheni za mutaa wote wa Katoyi. Wale waliozitengeneza walifanyaje? Mwambie na mama anipigie.

Mutoto wako,
Généreuse


Goma, tarehe 15 mwezi wa saba 2012

Généreuse mutoto wangu,

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili. Masikio ni yale yale. Habari za vita ya Rutshuru umezisikia kwenye redio, lakini sisi hapa Katoyi tuko, usijisumbue.

Sasa kazi. Nimefungua mashini tatu juu ya meza. Kosa lako naliona hata bila muchoro: umetaka mabutoni makubwa. Fanya madogo. Kinachomusaidia mutu si ukubwa wa butoni, ni nafasi kati ya butoni na mwenzake. Kichwa chake kiinuke kidogo katikati, kidole kipate mahali pa kukanyaga. Nyuzi usizijaze. Piga mistari ine ya kulala na mitatu ya kusimama, kila butoni likae pale mistari inapokutana. Nyuzi saba zinatosha kwa yote kumi na mawili. Chini weka mupira wenye doa la makaa linalopitisha umeme, chuma kitupu kitashika kutu.

Nimekata mufano wa karton ya boksi na mupira wa ndani wa tairi la baiskeli. Nitaupeleka kwa watu waubonyeze.

Mama yako anakusalimia.

Papa yako,
Birindwa


Kampala, tarehe 6 mwezi wa nane 2012

Papa mupendwa,

Umeamukaje huko? Hapa ni afya tupu, na umesema kweli. Nilipunguza kila butoni mpaka milimetre saba, nafasi ikawa tatu, na sita ikanyamaza. Chef alibonyeza wee, akaondoka nayo mufukoni. Kwake hiyo ni sifa.

Lakini simu ya mama bado haipiti, mwezi mzima sasa. Kama ni rezo ya simu inayokosa, aandike mistari miwili tu chini ya barua yako. Na mama mudogo Léoncie kule Kalengera ya Rutshuru yuko je? Watu hapa wanasema barabara yote ya kule imeshikwa na waasi.

Mutoto wako,
Généreuse


Goma, tarehe 2 mwezi wa tisa 2012

Mutoto wangu,

Amani kwako na kwa wote wa atelye. Nimefika Kanyaruchinya mara ine, pale nje ya muji ambapo watu wa Rutshuru wamejazana. Nimezunguka na karton yangu hema kwa hema, wamebonyeza watu zaidi ya mia mbili. Vumbi ya pale inaingia kila mahali, kwa hiyo mupira uwe kipande kimoja kinachofunika klavye yote, pasiwe na tundu hata moja.

Mama mumoja wa Rugari, vidole vyake vimekufa ganzi kwa jembe. Hajui kama amebonyeza. Mashini itoe sauti ndogo kila butoni likishuka, hata kwa karani mwenye mikono ya baridi itafaa. Mama huyo aliniuliza kama mashini hii inatafuta watu. Nikamwambia hapana, inaandika tu. Akasema, "Kama inayajua majina, inashindwa nini kutafuta?" Mwambie chef wako.

Mama yako ana kazi nyingi. Anakusalimia.

Papa yako,
Birindwa


Kampala, tarehe 19 mwezi wa tisa 2012

Papa,

Mama Philomène alipopita nyumbani kuchukua barua yako, jirani alimwambia kwamba mama hajaonekana tangu mwezi wa saba.

Usiniandikie tena habari ya butoni. Mama yuko wapi?

Généreuse


Goma, tarehe 7 mwezi wa kumi 2012

Généreuse,

Sijui nikusalimie namna gani.

Mama yako alikwenda Kalengera tarehe 3 mwezi wa saba, kumusaidia Léoncie kuvuna maharagwe. Alisema siku tano. Siku ya tano vita ilifika kule, na simu yake ikakufa. Nilipoandika mara ya kwanza kwamba anakusalimia, alikuwa amekwisha kupotea wiki nzima. Nilijiambia atarudi kabla barua haijakufikia. Mara ya pili sikuwa na la kujiambia, niliandika tu.

Nilijua nikikuambia utaacha kazi uje, na barabara ni hizi.

Kanyaruchinya sikwenda kwa ajili ya klavye. Nilitaka sababu ya kusimama kwenye mulango wa kila hema. Watu walikuwa wanabonyeza, mimi naangalia nyuma yao. Hayuko. Nimeuliza katika maparokia na mahospitali. Kwa wanajeshi wa kambi ya Katindo vilevile, walinifukuza.

Nisamehe ao uache, lakini usije. Hapa kila mutu anasema muji utashambuliwa.

Papa yako,
Birindwa


Rwamwanja, Uganda, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2012

Papa,

Nimemuona mama. Yuko muzima. Nimeandika hilo kwanza ili usihangaike ukilitafuta kati ya mistari.

Barua yako ilinikasirisha hata sikulia. Nilimweleza chef kila kitu, nikaomba nipeleke mashini mimi mwenyewe kujaribiwa katika kambi hii, maana waliovuka mupaka wa Bunagana wengi wameletwa huku. Butoni la nyota tulikuwa tumelipatia kazi ya kutafuta, kama alivyotaka yule mama wa Rugari. Makarani walikuwa wameingiza majina elfu saba. Nilibonyeza jina la mama, KANYERE, na vidole vyangu vikakosa mara mbili juu ya klavye niliyoichora mimi.

Walitokea tisa wenye jina hilo. Nilitembea siku mbili nikiwafuata mumoja mumoja. Wa kwanza alikuwa mutoto wa mugongoni. Wa sita alikuwa ameinama mbele ya hema, anakung'uta blanketi. Aliinua macho akaniona. Halafu akasema, "Nani amekufa?" Alidhani nimemuletea habari ya kilio.

Yeye na Léoncie walikimbia pamoja. Simu, na namba zetu zote ndani yake, ilibaki njiani. Léoncie alishikwa na malaria walipokwisha kuvuka, akafa mwezi wa nane. Mama alimuzika na watu asiowajua. Miezi ile yote alikuwa saa chache za bisi kutoka atelye yangu, Papa.

Aliniuliza wewe uliniambia nini. Nikamwambia kweli: uliandika kwamba ananisalimia. Siku ile hakula. Nilimuomba akuandikie, amekataa. Amesema, "Aje aniambie kwa mudomo wake."

Kama ningejua mwezi wa saba, labda mama mudogo ningemufikisha hospitali. Siandiki hivi ili nikuumize. Nimechoka kusoma maneno mazuri.

Mutoto wako,
Généreuse


Goma, tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 2012

Généreuse mutoto wangu,

Niko muzima. Barua yako ilikwama Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, Mama Philomène hakuweza kuvuka wakati muji uliposhikwa. Waasi walioushika wameondoka tangu Jumamosi. Mulango wa atelye yangu umevunjwa na redio za watu zimebebwa. Mimi mwenyewe sikuguswa.

Nilisoma nikiwa nimesimama barabarani. Nilipofika pale ulipoandika kifo cha Léoncie nikakaa chini pale pale, watu wakadhani ninaumwa. Hasira yako sitaiombea ipungue. Nilikuambia nilikuwa nalinda kazi yako, na hilo pia halikuwa kweli yote. Niliogopa kuandika kwamba amepotea, kwa sababu nikiandika ingekuwa imetokea.

Nakuja. Jumatatu tarehe 10 navuka Gisenyi, jioni nipande bisi ya Kampala. Nimeweka ndani ya begi nguo za mama yako na sweta yake ya bluu, huko sijui kama kuna baridi.

Usimufiche. Mwambie siku ninayotoka. Bisi ikikosa, mwambie imekosa. Nikirudishwa mupakani, mwambie nimerudishwa. Na kama atasema nisije, nitumie ujumbe vile vile alivyosema, neno kwa neno, usilainishe kitu. Nitakuja tu, lakini nije nikijua.

Papa yako,
Birindwa