Kovu la mama Imelda

Nazario, leo nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Mama Imelda wa Ryansoro, yule mwenye kovu shavuni, alikuja studio kupiga picha ya kumtumia kaka yake. Walipotezana utotoni wakati wa vita, juzi kaambiwa yuko hai Gashoho.

Mi nikalifuta lile kovu kwenye kompyuta. Nilidhani nampendezesha!

Akaishika picha, akaitazama. Kisha: "Huyu nani?"

Nikamwambia, ni wewe, mama.

"Sasa kaka atanijuaje? Aliyenifunga kidonda ni yeye."

"Huyu nani", Nazario! Aibu niliyosikia!

Nikaomba msamaha, nikampiga picha tena. Shavu lile akaligeuza mwenyewe kwenye mwanga. Hii sikuigusa, ameondoka nayo.

Lakini roho haitulii. Nawaza watu wote niliokwisha kuwasafisha nyuso, wakashukuru.