Kipimajoto cha Droo ya Tatu

Jumatano, 3 Mei 1972

Wewe uliyeshika daftari hili: umelitoa chini ya gazeti, na gazeti umelitoa chini ya tumbo la nyoka wa droo ya sita. Basi una moyo kuliko mimi. Nakuomba kwa haki ya mama yako, usimsomee mtu. Hata sentensi moja. Hata hii. Lirudishe ulipolikuta, funga droo polepole, uende na amani.

Mimi ni Asmani, miaka ishirini na mbili, karani wa Musiyo Hubert, Mbelgiji anayenunua nyoka hapa Rumonge na kuwauza Ulaya. Kazi yangu ni barua, lebo za masanduku na daftari la joto. Nyoka siwagusi. Tulipatana hivyo siku ya kwanza, mbele ya shahidi.

Jumamosi waliingia waasi. Sasa wamekuja wanajeshi. Waasi waliniuliza kwa nini namtumikia Mzungu. Wanajeshi wananiuliza kwa nini babu yangu alitoka Kongo. Maswali mazuri yote mawili.

Asubuhi Musiyo Hubert amepanda gari la jeshi kwenda Bujumbura. Amebeba masanduku mawili na birika lake la kahawa. Nyoka ameniachia mimi, pamoja na karatasi: «Kati ya nyuzi 28 na 31. Chini ya 26 hawali wala hawatikisiki. Juu ya 34 wanakufa. Nakuamini.»

Kuhusu mimi, nisizidi ngapi wala nisipungue ngapi — hakuandika.

Ijumaa, 5 Mei 1972

Sikwenda msikitini. Mungu anisamehe. Barabara nzima ni wanajeshi.

Kabati la nyoka tulilitengeneza wenyewe mwaka jana, kwa mbao za masanduku ya chai. Urefu wa ukuta mzima, droo sita. Nyuma yake, kati ya mbao na ukuta, tuliacha uchochoro — upana wa mkono mmoja na kidogo. Humo vinakaa vibatari vinne. Joto linapita kwenye matundu ya nyuma ya kila droo, yaliyozibwa kwa wavu. Likizidi, nachomoa kizibo cha juu. Likipungua, nakirudisha. Ubavuni mwa uchochoro kuna kilango cha kuingizia vibatari. Kipimajoto kimoja kiko ukutani; kingine kimefungwa kwa uzi kwenye droo ya tatu, maana ya tatu iko katikati ya mambo.

Leo: 29. Safi kabisa. Nilijisifu mpaka saa nane mchana, mlango wa uani ukagongwa.

Mama Mwanvua, mkamuaji mawese wa uani kwetu, ana kikapu kichwani na mtu nyuma yake. Nilitaka nisiliandike jina la mtu huyo. Lakini ndiye aliyenifundisha kuandika, na karani asiyeandika jina ameandika nini? Ni Mwalimu Casimir, wa darasa la sita. Desimali zangu zote zimetoka kwake.

Walimu waliitwa kwenye mkutano. Kwa orodha, jina kwa jina. Wakavaa mashati safi. Mwalimu alichelewa kwa sababu alirudi nyumbani kuchukua kalamu — mkutano bila kalamu! Alipofika kwenye kona, aliwaona wenzake wanapanda lori. Hawajarudi. Anasema orodha ilikuwa na mwandiko mzuri sana. Aliutambua. Ni wa mwanafunzi wake.

Mama Mwanvua alitazama chumba kizima, akaonyesha kabati kwa kidevu.

«Huko nyuma.»

Mwalimu akasema bora wanajeshi.

Jumamosi, 6 Mei 1972

Mwalimu yuko uchochoroni tangu jana. Vibatari nimevitoa: moshi ungemuua, na mwanga unaonekana mbaoni. Amri ni hakuna taa baada ya magharibi. Joto limeshuka. Chumba: 23. Droo ya tatu: 25 na nusu.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikamwomba Mwalimu atoke kidogo, anyooshe miguu. Baada ya saa moja: 23. Akarudi ndani: 25 na nusu tena.

Kwa hiyo Mwalimu ni nyuzi mbili na nusu. Nilimwambia. Akafurahi kidogo, kisha akakasirika. Kila droo ina dirisha la wavu upande wake, na nyoka wamegundua mahali joto lilipo. Kifutu wa droo ya pili amehama kutoka mbele, amelala nyuma kabisa, kwenye mgongo wa Mwalimu. Kati yao wavu tu.

«Asmani, mutoto wangu, anapumua.»

«Nawe unapumua, Mwalimu. Yeye hakulalamika.»

Nikasikia anacheka, kwa mara ya kwanza. Nikamwomba acheke polepole.

Jumatatu, 8 Mei 1972

Wamekuja! Saa nne. Kaporali mmoja na askari watatu, watu wa milimani, ziwa hawalijui. Nilisalimu kwa Kirundi, amahoro, mara tatu. Mara moja ingetosha.

Kaporali akauliza kabati hili la nini. Nikasema nyoka. Wakacheka. Akavuta droo ya pili mwenyewe. Kifutu! Sumu yake inamaliza ng'ombe. Lakini kwa nyuzi 25 na nusu alikuwa amelala kama kitu kilichosahauliwa. Kaporali akamchokoza kwa kalamu — kalamu yangu. Hakutikisika.

«Hii iko mukanda tu!» Akamwambia mwenzake amshonee kifungo cha mkanda. Yule akacheka mpaka akashika meza.

Mimi pia nilicheka. Sijui nilicheka nini.

Kisha akapiga mbao kwa kiganja, akasifu ufundi. Biro ya komanda, ofisi yake, haina kabati. Alhamisi watakuja na lori, walibebe. Nyoka nitajua mwenyewe pa kuwapeleka.

Walipoondoka nilikaa chini, sakafuni. Kutoka nyuma ya kabati sauti ikauliza, kwa adabu, kama kila droo ina mkanda au ni ile tu.

Jumanne, 9 Mei 1972

Hesabu ni rahisi. Kabati likiondoka, Mwalimu anabaki amesimama ukutani kama kalenda. Ili kabati libaki, nyoka watishe. Ili watishe, wapate joto. Joto bila moto, bila mwanga, bila moshi.

Nilijaribu chupa za maji ya moto. Nyuzi mbili, kwa nusu saa. Nikajaribu matofali yaliyopashwa. Mwalimu akaungua kiwiko.

Mama Mwanvua alikuja kumletea ugali na ndagala, akanikuta nimeshika kichwa.

«Weye karani, masomo yote ile, hujui chikichi inachemka bila moto?»

Akanivuta mpaka uani, kwenye lundo lake. Mikungu ya chikichi ikikatwa, anairundika, anafunika majani ya mgomba na magunia, siku tatu nne, mpaka tunda liachie lenyewe. Akanishika mkono akauingiza katikati ya lundo. Nikautoa haraka. Moto! Tangu utoto napita kando ya lundo hilo, nimeshika vitabu.

Tumejaza uchochoro, magunia sita, chini ya miguu ya Mwalimu na kando zake. Harufu kama pombe iliyokasirika.

Magharibi: 27. Kifutu amegeuza kichwa.

Jumatano, 10 Mei 1972

Saa moja asubuhi: 29. Saa tatu: 31. Saa nne na nusu: 34! Nikachomoa kizibo. 34 na nusu! Chatu mdogo wa droo ya kwanza amelala chali. Nikaita Mwalimu — hakujibu.

Nilimvuta kwa miguu kupitia kilango. Shati lote maji. Nilimpepea kwa daftari la joto. Alipofumbua macho aliuliza ngapi. Nikamwambia. Akasema basi yeye na nyoka wana kikomo kimoja, aandikwe hivyo.

Nimeandika.

Tumetoa magunia mawili, tukayafunika mengine kwa majani mabichi ya mgomba. Ikishuka, toa jani. Ikipanda, ongeza. Jani moja ni kama nusu nyuzi. Jioni: 30 na nusu, imetulia. Chatu amepona. Mwalimu pia, ila anataka kunifanyia mtihani wa desimali kupitia wavu, eti asilale. Tano ya nane kwa desimali? Nilikosea. Huko gizani alipiga mdomo kama darasani.

Alhamisi, 11 Mei 1972

Lori lilifika saa tatu. 30 na nusu.

Kaporali aliingia anapiga mluzi. Nikasema, «Afande, leo wameamka.» Akasema mikanda haiamki. Nilimwombea Mungu afungue ya pili, au ya tano yenye swila wa ziwa. Akafungua ya sita. Yenye daftari hili!

Wa droo ya sita ni mla mayai. Hana jino hata moja. Musiyo Hubert humwita fukara. Lakini akipata joto na akiudhika, hujikunja, anasugua magamba, na sauti inatoka kama samaki anayetupwa kwenye mawese ya moto. Leo alijikunja, akasugua, akafungua mdomo mweusi wote, akaruka kuelekea mkono wa kaporali.

Kofia ya kaporali ninayo hapa. Hakuirudia. Askari wake walipitia dirishani, ingawa mlango ulikuwa wazi. Kifutu alikaa kimya kwenye droo yake iliyofungwa, na sumu yake yote.

Kabati limebaki. Mwalimu alilia. Mimi nilimpa fukara yai.

Saa kumi mtumishi wa komini, ofisi ya serikali hapa mjini, akaleta karatasi. Karani Asmani afike Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mkutano. Mwandiko mzuri sana. Nilimpitishia Mwalimu kwenye kilango. Aliisoma kwa kidole, herufi kwa herufi.

«Ni yuleyule. Sikuwahi kumpa chini ya tisa kwa kumi.»

Jumamosi, 13 Mei 1972

Saa moja na robo. Nimeoga. Nimevaa shati safi. Nimetia kalamu mfukoni. Kisha nikasimama katikati ya chumba.

Karani anayeitwa anaitika. Hicho ndicho nilichosoma miaka kumi na mbili. Mwalimu akasema kutoka nyuma: wenzangu wote waliitika, Asmani. Hata mmoja hakuchelewa, ila mimi.

Nimevua shati safi.

Mama Mwanvua ameondoka jana kwa mtumbwi. Wanajeshi walichukua chikichi zake zote; zetu za uchochoroni aliniambia nizitoe, zinanuka mpaka barabarani, nikazitoa. Anakwenda Kigoma kwa mpwa wake Swedi. Jumatano Swedi atakuja na mtumbwi. Mama hajui kusoma, nami sikutaka abebe karatasi. Amekariri neno moja tu la kumwambia: droo ya sita.

Basi Swedi, kama ni wewe, sikiliza. Niliyoomba mwanzo bado naomba.

Pitia uani. Usituite majina. Usigonge, maana wanaogonga ni wengine. Wa droo ya sita usimwogope, umeshamwona. Ya pili na ya tano usiziguse kamwe. Kabla ya lolote soma kipimajoto cha droo ya tatu. Cha ukutani kinakuambia chumba: 23. Ukiona droo nayo ni 23, usifungue kilango. Mpe fukara yai, urudi kwa shangazi yako, umwambie hukutukuta.

Ikizidi hapo, tupo. Uliza kwa sauti ya kawaida: tano ya nane ni ngapi? Mwalimu hajawahi kuacha swali bila jibu.

Kwa hesabu yangu watu wawili ni nyuzi tano. 28 kamili. Musiyo Hubert hatakuwa na neno.

Lori linapanda kutoka sokoni. Nalisikia. Daftari linaingia chini ya gazeti, halafu mimi nyuma ya kabati.

Sasa hivi kinasoma 25 na nusu. Huyo ni Mwalimu peke yake. Kisome tena ukifika.